Mkono Ndani ya Kinu

Mwaka huu pia barua ilikuja kwa jina la Lorna.
Halmashauri haijalifuta kwenye orodha ya wenyeji,
nami sikupiga simu kuwaambia.
Nilitandika kitanda cha chumba cha cherehani,
nikanunua mchele ambao muuzaji aliniapia kuwa ndio wenyewe,
nikangoja.

Walishuka kumi na mmoja kwenye basi la shule,
tope la theluji limelipaka hadi madirishani.
Meya wetu, Bwana Stadtmiller, akainama mno
hata miwani ikamponyoka, ikadakwa na meya wao.
Hivyo ndivyo ulivyofunguliwa mwaka wa thelathini na mbili
wa undugu wa Yukinose na mji wetu huu wa Minnesota
wenye taa moja ya barabarani.

Mgeni wangu alikuwa Bi Kinuyo Hatakeda, mstaafu wa posta,
mfupi, miaka sabini na ushei.
Kiingereza chake maneno arobaini. Kijapani changu manne,
na mawili kati yake ni majina ya pikipiki.
Tulikula mayai. Tulitazama theluji.
Alipoziona glavu za Lorna juu ya kipasha joto,
zilipolala tangu majira ya baridi ya juzi,
hakuuliza.
Alizigeuza tu, upande wa pili nao ukauke.

Jumamosi ukumbi wa michezo ulinuka mvuke na viatu.
Watoto wa darasa la nne walikunja korongo wa karatasi;
wa mjukuu wa Pruitt alitoka na miguu mitatu,
akatundikwa vivyo hivyo.
Mabinti wa mpira wa wavu walizitwanga ngoma za kukodi
mpaka ubao wa mabao ukajiwasha wenyewe
ukaandika sufuri kwa sufuri.

Kisha kinu: kisiki cha mwaloni
kilichochongwa na mafundi wetu, sasa wote marehemu.
Wali wa kunata ukamiminwa humo ukifuka.
Mchi wao una mpini ubavuni, kama nyundo.
Nikapewa mimi.
Bi Kinuyo akapiga magoti, akalowesha kiganja.
Nipige; atie mkono, ageuze donge, autoe; nipige.
Hakuna anayehesabu.

Nimepasua kuni miaka hamsini,
lakini sijawahi kuombwa nishushe chuma wala mti
pale mkono wa mtu ulipokuwa sasa hivi.
Nikapiga kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya msiba.
Akacheka, akasema neno.
Mkalimani, kijana mwenye chunusi, akasita, halafu:
"Anasema, Lorna alipiga kwa nguvu zaidi."

Ukumbi ulinyamaza, au masikio yangu.

Lorna alikwenda kwao mara moja, siku nane.
Mimi nilibaki na ng'ombe na kiburi changu,
maana wiki ile tulikuwa tumenuniana,
sikumbuki tena kwa nini.
Alirudi na kikombe na picha tatu za hekalu.
Nikasema, vizuri. Nikaenda kukamua.

Bi Kinuyo aliinua kidole chake cha shahada.
Kimepinda kwenye kiungo cha mwisho, kama ndoano.
"Huyu," alisema kwa Kiingereza chake, bila mkalimani,
"huyu ni Lorna."
Akakiangalia kama mtu aangaliavyo pete.
Akakilowesha. Akakirudisha kinuni.

Nikapiga.
Nikapiga tena, sasa kwa mabega,
na kila nilipoinua, mkono ule uliingia,
haukuchelewa, haukuharakisha,
na machozi, kama yalikuwepo, yalikuwa mvuke.

Tulikula mabonge kwa mabonge.
Mjukuu wa Pruitt akaomba sosi ya nyanya.

Jumanne basi lilikataa kuwaka mara mbili.
Nilikimbilia nyumbani, nikarudi nimeishiwa pumzi,
nikampitishia zile glavu dirishani: kwao nako kuna theluji.
Alizivaa papo hapo, akapunga
mpaka kona ya kituo cha mafuta,
nami nikaona kidole kimoja cha glavu hakinyooki.