Jina Lake Ni Siyo

Nilipanda Kadutu kwa miguu, sanduku la barafu begani,
ngazi za udongo, mvua imezilamba hadi zikawa sabuni.
Kwa Mama Ntakwinja ni mlango wa tatu chini ya bomba,
bomba ambalo hukohoa mara mbili kwa wiki.

Cirhuza, miaka mitatu na nusu,
alilala Jumatatu na homa, homa ya kila mtoto wa mtaa huu.
Jumatano akaamka, mguu wa kushoto hauitiki.
"Upo," alisema mama yake, "uguse, una joto.
Lakini nikiuita, hauji."
Nikauinua. Ukaning'inia mkononi mwangu
kama shina la sombe lililosahauliwa juani.

Kazi yangu ni choo cha watoto. Sioni haya.
Vikopo viwili, kati yao mchana na usiku mzima,
kabla siku kumi na nne hazijatimia;
jina, tarehe, barafu, kifuniko.
"Umebeba sambaza?" aliniuliza motoboi njia ya Kavumu.
"Sambaza," nikasema. "Kwepa mashimo."

Huku nyuma mtaa ulishatoa hukumu:
shangazi wa Bagira na jicho lake;
sindano ya homa pale dukani kwa Deo;
matone ya chanjo, wengine walinong'ona, nami nimesimama papo hapo.
Mama Ntakwinja akaitoa kadi ndani ya kitabu cha nyimbo:
kila mstari una muhuri. Hakuruka hata mmoja.
"Basi nilikosea wapi?"

Karatasi ilirudi kutoka Kinshasa baada ya wiki tano.
Polio: hakuna.
Virusi vingine vya matumbo, visivyo vya polio: vimeonekana.
Ofisini tulipeana mikono. Daktari alinunua soda.
Ramani ukutani haikupata kidoti chekundu.

Nikapanda tena na habari njema.
Alinisikiliza akichambua maharage.
"Mwizi kaingia kwangu," akasema,
"mmekuja kuniapia kwamba si Fulani.
Mmeshukuru Mungu. Sasa mnaondoka.
Na mguu?"

Nilitaka kumweleza kwamba wako wengi, wana namba badala ya majina,
kwamba hupita matumboni mwa watoto mia bila kuvunja hata kikombe,
kwamba huyu ameonekana karibu na tukio
na hakuna aliyemwona akipiga.
Nikasema, "Bado hatujui."
Ni sentensi fupi. Ilinichukua muda.

Tangu siku hiyo amempa jina: Siyo.
Siyo yuko bombani, chemsha.
Siyo yuko kuchani, nawa.
Watoto wa jirani hutishana: nitamwita Siyo.

Siku ya sitini nilirudi na fomu.
Swali la mwisho: udhaifu umebaki? Ndiyo. Hapana.
Visanduku viwili.
Cirhuza alishuka ngazi tatu akishika ukuta,
ya nne akaishuka kwa makalio, akicheka,
akasimama, akaja kwangu kuomba kalamu.
Nyuma yake, kwenye tope, nyayo za mguu mmoja
na kando yake mstari mrefu, haukukatika.

Ndala ya kulia kama jana imetoka sokoni.
Ya kushoto imelika ncha yote, kidole kiko nje.
Nikampa kalamu.
Fomu niliijaza kesho yake.