Dawati la Tatu, Upande wa Dirisha

Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha ukuta.
Chaki mkononi, mgongo kwa watoto,
joto, kanieneo, nyuzi mia moja,
na nyuma yangu darasa la nane likisinzia
kama kondoo waliozingirwa na theluji.
Kijiji chetu kiko juu, mkoa wa Shirak,
ambako Novemba huingia Oktoba haijatoka.

Alipoingia mwalimu mkuu, Varazdat Galoyan,
nilijua nimekwisha.
Lakini hakuketi pembeni na kalamu ya ukaguzi.
Alikwenda dawati la tatu, upande wa dirisha,
akajikunja kama godoro kuukuu.
Magoti yakagoma, yakabaki nje njiani.
Akafungua daftari la kijani, lile la bei ya watoto.

Nikaendelea. Koo lilinikauka, nikaendelea.
"Maji huchemka kwa nyuzi mia."
Mkono ukapanda. Wake.
Mkono wa mtu wa miaka sitini na moja.
"Mwalimu Nvard, sijaelewa."

Darasa likaangua kicheko.
Mimi damu ilinishuka hadi visiginoni.
Kuuliza si ujinga, husema watu,
lakini wanaosema huwa hawaulizi.
Yeye alingoja kicheko kiishe
kama mtu anayengoja gari moshi lipite avuke reli.
"Dengu zangu," akasema, "nikizipika kwa dada yangu Yerevan
huiva kabla sijamaliza gazeti.
Hapa namaliza gazeti, hadi matangazo ya vifo,
na bado ni changarawe.
Maji si ni maji? Yakichemka si yamechemka?"

Jibu nilikuwa nalo. Ukurasa wa arobaini na mbili.
Nikafumbua kinywa nilitoe,
na nyuma kabisa, karibu na jiko la kuni,
Tatul, ambaye tangu shule ifunguliwe
tulimsikia kwenye kuitwa majina tu,
akasema, "Hata mimi.
Kule juu, malisho ya kiangazi,
viazi vya bibi havitaki kuiva."
"Havitaki?" Mkuu akageuka mzima, dawati likalia.
"Vinagoma. Bibi huvitukana."

Nikafunga kitabu.
Sikujua kama naruhusiwa. Nilifunga.

Kesho yake Shoghik alileta sufuria ya kwao bila kuomba.
Mkuu alileta kuni, na kibanzi kidoleni.
Kipimajoto tulikuwa nacho kimoja.
Watoto ishirini na wawili, vichwa vikigongana,
Tatul akisoma kwa sauti:
tisini. Tisini na mbili. Tisini na tatu, na mapovu.
Tukachochea. Tisini na tatu.
Tukaongeza kuni. Tisini na tatu.
"Kimekwama!"
"Hakijakwama, si unaona yanatokota?"
"Sasa kwa nini?"
Hilo kwa nini sikuliuliza mimi.

Wiki nzima nilingoja kuitwa ofisini.
Sikuitwa.
Alhamisi akaja tena, dawati lilelile,
na mtoto mmoja alikuwa amemtandikia sweta.

Kwa miaka mingi niliamini alijifanya.
Nilisimulia hivyo, hata kwenye karamu yake ya kustaafu:
mzee mjanja huyu, alijua yote.
Alitabasamu, akaendelea kumenya yai.
Kisha akaniachia funguo, na kabati,
na ndani ya kabati daftari la kijani.
Nikatafuta siku ile, nipate kucheka.
Hesabu imeanzwa mara tatu,
imekatwa mara tatu,
na chini, kwa mwandiko wake wa mwalimu wa historia:
*Kumbe hewa ina uzito. Nimuulize Tatul.*

Leo magoti ni yangu.
Nimesimama mlangoni pa darasa la kemia.
Kijana mpya ametupa mgongo, anaandika, anaandika,
masikio mekundu kwa hofu.
Naliona dawati la tatu. Liko wazi.
Bahati nzuri, kemia siijui.