Chupa Mbili

Siku ya kumi na mbili ya Ibuki duniani
doa liliibuka chini ya sikio lake la kushoto,
dogo, kama mbu alipita hapo akajuta.
Kufika wiki ya sita lilikuwa limevimba,
jekundu, lenye vitone vitone,
na mwanangu, anayelima stroberi hapa Moka,
alicheka kicheko kimoja kibaya, akasema,
"Kumbe kazi imenifuata nyumbani."
Hakuna aliyecheka naye.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na langu.
Chizuru akiwa na mimba ya miezi mitatu
ghala la Numao liliungua usiku,
na ni mimi niliyemwita dirishani: njoo uone.
Mama aliniambia, na mama yake alimwambia,
mjamzito hatazami moto,
la sivyo mtoto huzaliwa na ulimi wake mwilini.
Nililijua hilo. Nikamwita.
Moto ulikuwa mzuri.

Daktari Samejima, binti wa kucha fupi,
alisikiliza kwanza mapigo ya moyo
(sikujua kwamba habari za ngozi huulizwa moyoni),
akalibonyeza baka, likapauka, likarudi.
"Ni mishipa ya damu iliyokua mbio ikakosa breki.
Si kwa sababu ya kitu ulichokula, wala ulichokiona."
Hakunitazama mimi.
Lakini neno la mwisho nililiokota,
nikalifunga kwenye leso pamoja na chenji.

Kisha akatoa chupa, na mimi nikaguna.
Miaka tisa naidondosha machoni,
asubuhi na jioni, kwa ajili ya presha
inayonila macho kuanzia pembeni,
kama mtu anayefunga mapazia
bila kuuliza kama umemaliza kusoma.
"Ndiyo, bibi, ni ile ile," alisema.
"Iliandikiwa macho. Ngozi iliidokoa baadaye."

Basi nyumba yetu ina chupa mbili,
na Chizuru amezitenga rafu mbalimbali
tangu aliponikuta nimeshika isiyo yangu.
Tone moja, saa moja asubuhi.
Analisambaza kwa ncha ya kidole,
anauzuia mkono mdogo usifike hapo, usiende mdomoni,
na Ibuki anakunja uso kama mtu anayedaiwa.
Langu mimi nainua kichwa, nakosa, linateremka shavuni.
"Mama, umelia tena."
Ni dawa, nasema.
Siku nyingine huwa ni dawa.

Kila Jumapili picha, na sarafu ya yeni tano kando,
ili matumaini yasitudanganye.
Wiki ya tatu, sarafu na baka, sare.
Wiki ya saba mwanangu asema limepungua,
Chizuru asema ni mwanga tu.
Wiki ya kumi na moja wote wawili wananyamaza:
katikati pameingia kijivu,
kaa la moto lililosahauliwa.

Mimi picha sizioni.
Nimebakiwa na tundu la upana wa kikombe
na vitu hupita humo vikienda zao.
Usiku mtoto akilia namfikia kwa mikono,
na kidole changu kilikuwa kinaijua njia:
sikio, halafu kile kilima chenye joto.
Hapo husema, ndiwe.

Jana nilipapasa. Kilima hakuna, au karibu hakuna.
Nilifurahi, sisemi uongo,
ila kidole kilizunguka kama mgeni
aliyekuta mlango umehamishwa.

Akakidaka, akakivuta, akakitia mdomoni.
Nikakichomoa upesi. Sikukumbuka kama nilinawa
baada ya tone langu la jioni.
Akapiga yowe, hasira tupu, yowe la babu yake
akinyimwa chumvi.
Ndiwe, nikasema.
Nikaenda kunawa mara mbili kwa maji baridi,
naye huko nyuma ananitukana kwa lugha yake yote.