Inua Mkono

Jino limeniuma tangu Sikukuu ya Watakatifu,
nami nimelilea kama mtu aleavyo siri:
karafuu, maji ya chumvi, kulalia ubavu mmoja.
Leo Szeged ina theluji iliyokwisha kuchafuka.
Nimeshuka kwenye tramu vituo viwili kabla,
nikatembea, nipate nafasi ya kughairi.

“Bibi Emőke Varjas?”
Ndimi. Miaka hamsini na miwili, mshona majalada ya vitabu,
mama wa watu wazima wawili,
asiyeketi mgahawani
ila mgongo ukiwa ukutani.

Kiti kinalala. Taa inanijia usoni.
Glavu inakaribia kinywa,
na hapo, kabla hata sijaguswa,
mimi nimeshatoka.

Kutoka nilijifunza nikiwa na miaka minane,
chumba cha nyuma, kwa Mjomba Dezső.
Juu ya kabati chupa za jemu ya plamu.
Nilizihesabu: kumi na saba.
Msimu mzima, kumi na saba.
Hakuna aliyekula jemu katika nyumba ile.

Mama alikuwa jikoni akimenya viazi.
“Umshukuru mjomba kwa chokoleti,” akasema.
Nikashukuru.
Mengine yote nimeyapa mahali pa kukaa,
lakini ile asante
bado iko kooni, imekaa kimshazari.

Usiku wa harusi nilihesabu mbao za dari.
Mume wangu alidhani nasali.
Na nilipomwogesha mwanangu wa kwanza
nilimwita jirani aje aketi mlangoni,
nikasingizia maji ya moto, utelezi, uchovu,
kumbe niliiogopa mikono yangu mwenyewe,
hii, isiyowahi kukosa lolote.

Mavi ya kale hayanuki, husema watu.
Hawajaazima pua yangu.

Dezső alipokufa nilipitisha sinia la keki.
“Alipenda watoto,” walisema,
nami nikauliza nani anaongeza kahawa.

Daktari ni kijana, umri wa mwanangu,
ana doa la wino kwenye mfuko wa koti.
“Ukitaka nisimame,” anasema,
“inua mkono wa kushoto.”
“Hata kama hakuumi?”
Ananitazama kidogo.
“Hata kama hakuumi.”

Mashine ikaanza. Nikainua.
Ikanyamaza.
Akarudi nyuma na kiti chake cha magurudumu,
mikono hewani, akatazama dirishani,
akangoja.

Nikaushusha. Ikaanza. Nikainua.
Ikanyamaza.

Sikuwa na maumivu, Mungu anisamehe;
korido ilikuwa na watu, na mtoto mmoja alikuwa akilia,
nami mwanamke wa mvi nilikuwa nachezea swichi
ambayo maisha yangu yote niliamini haikufungwa waya.
Mara tano.
Mara ya tano msaidizi alishusha pumzi kwa nguvu.
Kijana hakuuliza kitu.

Kwenye tramu, nusu ya uso si yangu,
niliuweka mkono wa kushoto mapajani,
nikautazama mpaka nikapitiliza kituo.

Sitasema nimepona.
Usiku huu pia nitakagua kitasa mara tatu,
na taa ya ukumbini itawaka mpaka alfajiri.

Ila ganzi ilipokwisha, saa mbili hivi,
shimo la jino likaanza kupwita,
likapwita, likapwita,
na nilikuwepo.