Tisa kwa Saba na Nusu

Binti yangu Ilham ana daftari la kuhukumu.
Kila chombo tulichopanda Blackpool kina safu yake:
hofu, giza, harufu, urefu wa foleni,
na swali la mwisho, lenye alama mbili za ziada:
je, ulisahau kuwa uko Blackpool?

Vimebaki viwili. Mvua inapiga ubavuni,
tumejibanza chini ya turubai la muuza chipsi,
siki inatufika hadi kwenye kope.

Kwanza, Kilindi.
Walinivisha miwani mizito kama ya fundi wa kuchomelea,
wakanifunga mkanda, kiti kikatetemeka,
na bahari ikaja. Si hii ya nje,
ya rangi ya chai ya maziwa iliyopoa;
ile nyingine, buluu mpaka kwenye mfupa.
Upepo ukanipuliza shingoni, chumvi ikanigusa mdomo,
nyangumi akapita juu yangu taratibu
kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.
Mimi, nisiyejua kuogelea,
niliyeoga kwa kopo hadi nilipoolewa,
nilibana pumzi. Wallahi nilibana.
Ilibidi mhudumu aniguse bega: mama, tumefika.

Pili, Mgodi wa Mzee Tolly.
Vigari vya mbao, reli inalia kama sufuria inayokwanguliwa.
Mifupa ya plastiki, mmoja hana taya.
Popo wananing'inia kwa uzi,
na uzi unaonekana.
Kisha gari likakwama. Dakika sita; Ilham alizihesabu.
Taa za kazi zikawashwa, tukaona yote:
mwamba ni mbao, ukutani nyaya na ndoo,
na kijana mmoja ndani ya nusu ya vazi la mzuka,
kichwa cha mzuka kiko mapajani,
anakula mkate wa mayai.
Akatutazama. Tukamtazama.
"Poleni," akasema, "huwa linafanya hivi."
Tone la maji likaniangukia utosini.

Nikahukumu bila kumung'unya maneno:
Kilindi tisa. Mgodi nne,
na hizo nne ni za heshima ya umri.
Ilham akaandika zake: Mgodi tisa,
Kilindi saba na nusu.

"Kule hakuna kitu kingeweza kuharibika," akasema.
"Nilijua. Hata nyangumi alijua.
Mgodini sikujua kama tutatoka."
"Na ulisahau kuwa uko Blackpool?"
"Hapana. Hapo nimejinyima alama mbili."

Mwanangu, nikamwambia,
dari linalovuja ninalo Bolton, silipii kiingilio.
Vitu vinavyokwama nusu njia navijua kwa majina:
lifti ya jengo letu, boila,
faili langu la uhamiaji lililokaa gizani miaka mitatu
bila kijana hata mmoja wa kuniambia pole.
Nimelipa pauni kumi na nne
ili niogope kitu kisichoweza kunifanya lolote.
Hiyo ndiyo anasa. Hiyo ndiyo tisa.

Hakujibu. Akapiga mstari chini ya alama zetu,
tiketi ya treni ndiyo rula.
Kilindi kumi na sita na nusu, Mgodi kumi na tatu.
Hesabu haina huruma. Nilishinda.

Usiku, treni ikiivuka Preston,
nikampigia dada yangu Salha.
Nilikusudia kumweleza nyangumi.
Nilianza vizuri: buluu, nikasema, buluu kweli kweli,
halafu buluu ikaniishia.
"Enhe?" akasema Salha.
Nikamwambia kulikuwa na mzuka anakula mkate wa mayai.
Akacheka mpaka simu ikakoroma.
Akataka nirudie. Kichwa kilikuwa wapi? Mapajani?

Kando yangu Ilham amefumba macho,
pembe moja ya mdomo imepanda.
Daftari limo mkobani mwangu.
Tisa ni tisa. Sibadilishi.