Taulo la Moto

Kila Jumanne, saa nne kasoro,
binti wa mkopo huingia uani kwetu, Majengo,
na kitabu chake kilichobanwa kwa rababendi.
Mimi nimeshahesabu tangu alfajiri:
elfu thelathini na mbili, nimezipiga pasi ya mkaa,
maana noti zilizokunjamana, naona, huonekana chache.

Kausha damu. Jina lenyewe halikutuficha kitu.
Tulikopa cherehani ya pili;
cherehani ikaja, shule ikabadili fundi wa sare.

Basi tukakaa na daftari, tukaandika vya kuacha.
Nyama.
King'amuzi: kimelala juu ya kabati, vumbi kichwani.
Kijiko cha pili cha sukari.
Mchango wa harusi ya Marangu: tulisema tunaumwa,
kisha wiki nzima tukaogopa kuugua kweli.
Eliamani akaandika "kinyozi" kwa mkono wake
akalipiga mstari.
Nami nikaandika "sabuni ya kunukia",
nikalipiga mstari mrefu zaidi, aone.

Lakini Jumamosi jioni mume wangu hurudi
shingo inang'aa kama sufuria mpya.
Kule karibu na Mbuyuni kwa Kiwia
wanakuegemeza kiti, wanakufunika uso kwa taulo la moto,
na kwa dakika tatu, nne,
hakuna mtu duniani anayeweza kukutambua
akakudai.
"Nilipita kusalimia tu," ananiambia.
"Salamu zimekukaa," namjibu,
naendelea kuchambua mchele.

Nimuulize nini?
Ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge,
kuna kipande cha sabuni ya waridi
ambacho sijakitoa hata kwenye karatasi yake.
Siogei nayo. Nafungua kifuniko, nanusa, nafunga.
Shati lake la kanisani linalala humo humo;
kila Jumapili anaketi kando yangu
ananukia bustani ya watu wenye nafasi,
wala hajawahi kuniuliza.

Mama Ndeonansia, mweka hazina wa kikundi,
anasema anayedaiwa hacheki kwa meno yote.
Labda. Nimepiga hesabu zake:
elfu moja ya taulo, mara wiki zote za mwaka,
hailipi hata Jumanne mbili.
Na nani angekaa Jumatatu kwenye cherehani,
mguu kwenye pedali, mgongo umepinda,
kama Jumamosi isingekuwepo?
Dawa ya deni ni kulipa, najua.
Lakini hata shubiri, mama alitupa
na kipande cha muwa cha kusafishia mdomo.

Leo mlima umejifunika tangu asubuhi
kama mtu aliyesikia hodi akazima redio.
Mvua ikamkuta binti wa mkopo kwenye mtaro wetu,
akaingia amelowa, akavua viatu mlangoni.
Kucha zake za miguu: nyekundu,
zote kumi, zimepakwa kwa subira,
na kwenye kidole gumba kidoti cheupe.
Akaona nimeona.
Akakunja vidole kama mtoto aliyeshikwa na asali.

"Viatu vyangu ni vya kufunika," akasema,
kama vile mimi ndiye wa kumpa risiti.
"Na mimi nakatwa, mama. Kwenye mshahara.
Bado miezi kumi na minne."

Sikujua la kumwambia.
Nilimmiminia chai,
na mkono, bila kuniomba ruhusa,
ukamwekea kijiko cha pili.

Alihesabu noti zangu, akazisifu kwa kunyooka.
Akanusa hewa kidogo, akatazama sanduku,
akainamia kitabu chake.
Nyuma ya pazia Eliamani akaanza kushona.
Akasaini.
Zimebaki Jumanne kumi na tisa.