Kumi Haikufika

Wamemleta kwa pikipiki, katikati ya watu wawili,
kama gunia lililofungwa vibaya.
Ananuka moshi wa bani.
Usiku wa tatu huu anakesha na moto,
maana tumbaku haimngoji mtu apate usingizi,
na jani likikosa joto saa moja tu
mnunuzi hasahau.

Shemeji mmoja anasema, amelewa.
Mwingine anasema, amerushiwa kitu,
kuna mtu wa Kaliua waligombana juu ya mizani.
Mimi nasema, mkalisheni hapa, chini ya taa.

Ukutani, kando ya kalenda ya chama cha msingi,
ipo karatasi niliyoibandika mwenyewe kwa plasta ya vidonda:
Uso. Mkono. Usemi. Saa.
Tulifundishwa siku mbili, tukapewa soda.
Kazi ilionekana nyepesi, kwa kuwa aliyeigiza mgonjwa
alikuwa mganga mfawidhi,
na alicheka vizuri pande zote mbili.

Uso.
Kashindye, nionyeshe meno.
Ananionyesha yaliyobaki.
Mdomo umelala kushoto, au ndivyo alivyozaliwa?
Sijawahi kumwona mtu huyu.
Nyanzala, mkewe, haulizwi mara mbili:
anafungua fundo la khanga, anatoa kadi ya mpiga kura,
anaiweka shavuni pa mumewe,
na tunazisoma nyuso mbili chini ya taa
kama wapanga madaraja wanavyolaza jani juu ya jani.
"Siyo huyu," anasema.
Kisha, polepole, "Ni huyu. Lakini siyo."

Mkono.
Nyoosha yote miwili, viganja juu, fumba macho,
nitahesabu mpaka kumi.
Moja. Mbili.
Nyanzala anaona viganja vimekingwa, naye anakinga vyake,
midomo yake inaianza Fatiha.
Nne. Tano.
Mashemeji nao wameinua.
Chumba kizima kinaomba, isipokuwa mimi niliyeshika saa.
Sita,
na kiganja cha kushoto kinaanza kugeuka,
kinashuka taratibu,
kama cha mtu anayemwaga alichokwisha kupewa.
"Amin," anasema Nyanzala, anakiwahi.
Kumi haikufika.

Usemi.
Sentensi ya mafunzo ilikuwa: Leo anga ni la samawati.
Nani Urambo anasema hivyo?
Na ulimi ukijikwaa hapo, umejikwaa kwa maradhi
au kwa Kiswahili changu cha semina?
Naiacha. Namsalimu kama ningemkuta njiani:
Mwangaluka.
Salamu ambayo mtoto wa miaka miwili anaiitikia usingizini.
Anafungua mdomo. Kinatoka kitu
kilicholowa, kisicho na mifupa.

Nachoma kidole: sukari ipo sawa.
Presha siisomi kwa sauti.

Saa.
Mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi?
Fomu inataka tarakimu. Mashemeji wanatazamana.
Nyanzala anahesabu kwa magogo:
"Nilipompelekea uji alikuwa anasukuma gogo la nne,
akanitania, uji huu umekopa maji kisimani.
Niliporudi kuchukua bakuli
gogo la tano lilikuwa mlangoni, halijaingia."
Gogo moja linaliwa kwa muda gani, mama?
"Kama kuiva kwa maharage. Yasiyo ya zamani."

Kati ya gogo la nne na la tano, basi.
Naandika saa tisa na nusu usiku kwenye fomu,
na tena, kwa kalamu, kwenye mkono wake ulio hai,
maana fomu hupotea.

Simuni, hospitali ya mkoa, kijana ananiuliza yale yale
kwa mpangilio ule ule wa ukutani.
"Alama ngapi?"
Tatu kwa tatu.
Kwenye semina alama zote zilipigiwa makofi.

Gari linaunguruma. Nyanzala, mguu mmoja ndani,
anamgeukia shemeji wa kwanza:
"Wewe uliyesema amelewa.
Rudi ukaangalie moto."